Usingizi wa Aristote

Kazi ya Mama Aristote ni kuamsha watu. Kila alfajiri hushuka kutoka ghorofa yake ya tatu pale Thamesmead, akapita kando ya ziwa lenye mabata bukini wakorofi, akaenda nyumba moja hadi nyingine kufungua mapazia ya wazee, kuwaosha, kuwavisha na kuwapa chai na dawa. Wazee wanampenda kwa sababu haamshi mtu kwa pupa. Huketi kwanza kwenye ukingo wa kitanda, akamgusa mtu begani, akangoja. Ukimwuliza ufundi huo aliusomea wapi, atakuambia aliwahi kuwa na mtoto ambaye kumwamsha ilikuwa kazi ya nusu siku.

Mtoto huyo ndiye Aristote, kifungua mimba wake. Jina la ubatizo la mama mwenyewe ni Euphrasie, lakini kwa Wakongo wenzake jina hilo lilibaki kwenye kadi ya kazi tu. Alikuwa Mama Aristote kule kwao, milimani juu ya Uvira, na ni Mama Aristote hapa London, ingawa Aristote mwenyewe hakufika. Aliuawa vitani akiwa na miaka kumi na tisa.

Alikufa hivi. Wakati ule watu wa misioni ndogo ya Kalwenge walikuwa hawalali majumbani. Jioni walibeba mikeka, watoto na sufuria, wakapanda kwenye msitu wa mianzi, na asubuhi wakangoja kengele. Kengele yenyewe, usiifikirie makuu, ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo kwenye mparachichi mbele ya kanisa. Ikilia kwa mapigo waliyopatana kwa siku hiyo, maana yake wapiganaji hawapo, shukeni, sala inaanza. Isipolia, kaeni huko huko. Mpigaji alikuwa Aristote. Alijitolea kulala peke yake kwenye kichumba cha nyuma ya altare ili awe karibu na kengele. Wenye midomo yao walisema kijana ni mvivu wa kupanda mlima, na mama yake, badala ya kumtetea, alisema hata yeye ana wasiwasi huo.

Asubuhi moja wapiganaji walimkuta pale. Walikwisha kusikia habari za kengele, wakamwambia apige watu washuke. Bibi mmoja ambaye miguu yake ilikuwa imekufa, na kwa hiyo alikuwa ameachwa nyumba ya jirani, aliona yote kwenye ufa wa mlango, naye ndiye aliyesimulia. Chuma wangeweza kukigonga wenyewe, lakini mapigo ya siku aliyajua Aristote na watu wa mlimani tu. Alisema hapigi. Wakamtesa, wakamwambia tena. Akasema kengele ile huita watu kwa Mungu, yeye hawezi kuitumia kuwaita wafe. Wakamwulia chini ya mparachichi. Kule mlimani kengele haikusikika, na hakuna aliyeshuka.

Sasa, zaidi ya miaka ishirini baadaye, jimbo la kwao lilikuwa limeanza kuchunguza kama kijana huyu anastahili kutangazwa mwenye heri, shahidi wa imani. Wakongo wa Thamesmead walipopata habari walipiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta. Aliyekaa kimya alikuwa mama mtu.

Aliyevumisha furaha hiyo kuliko wote alikuwa Marie-Claire, kiongozi wa kwaya ya Misa ya Kiswahili, mwanamke wa moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Alikuwa na lake moyoni pia. Mume wake figo zilikuwa zimechoka, akawa anapelekwa hospitali kila wiki kusafishwa damu, na Marie-Claire alikuwa anatafuta mlango wowote mbinguni ulioachwa wazi. Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza alikuja na mfuko, akatandaza kitenge juu ya kochi la Mama Aristote.

"Angalia kwanza! Wamemutengeneza muzuri kabisa!"

Katikati ya kitenge alisimama kijana mwenye kanzu nyeupe na macho makubwa yaliyotazama juu. Nyuma yake palikuwa na mnara na kengele ya shaba, na kichwa chake kilizungukwa na duara la nuru ya njano.

"Huyu ni nani?" Mama Aristote aliuliza.

"Ni Aristote, mama! Mutoto yako!"

"Aristote macho yake ilikuwa madogo. Kila wakati ni kama ametoka mu kitanda sasa hivi. Na hii kengele, ni ya wapi?"

Marie-Claire hakuwa mtu wa kukatishwa tamaa na kengele. Alieleza kwamba wanawake wote wa kwaya watavaa kitenge hicho mwezi wa pili, siku ya ukumbusho, na kwamba Padri Laurean, anayewasomea Misa hiyo, ameandikiwa na jimbo achukue ushahidi wa mama. Kisha akasema lile lililomchoma mwenzake. Mwaka huu haitasomwa misa ya marehemu. Itakuwa misa ya shukrani.

"Shahidi haombewi, Mama Aristote. Kumuombea ni kumutukana. Sisi njo tunamuomba yeye."

Mama Aristote alikikunja kile kitenge taratibu, pembe kwa pembe, akakirudisha mfukoni. Kila mwezi wa pili, tangu kambi ya wakimbizi Tanzania hadi mvua hizi za London, alikuwa akipeleka jina la mwanawe lisomwe kati ya marehemu. Kaburi la kupalilia hakuwa nalo. Nguo ya kufua hakuwa nayo. Alibakiwa na kazi moja tu ya kumfanyia mwanawe, nayo ni kumwombea raha ya milele, na sasa alikuwa anaambiwa hata hiyo aiache. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alimsindikiza mgeni wake hadi kwenye lifti, akambonyezea kitufe mwenyewe, na Marie-Claire, ambaye kwa kawaida humaliza mazungumzo mwenyewe, alishuka akiwa na wasiwasi.

Padri Laurean alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mrefu, mtaratibu, aliyevaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi kwa sababu upepo wa mto Thames hakuwahi kuusamehe. Marie-Claire naye alikuwapo, maana hapakuwa na jambo la Aristote ambalo lingepita bila yeye, na kitenge kikatandazwa tena. Padri alikitazama muda mrefu.

"Mama Marie-Claire, hili duara kichwani ni nini?"

"Ni jua, Padri."

"Jua limechomoza kwenye masikio yake?"

Hata Mama Aristote alicheka. Padri akaeleza, kwa upole lakini bila kuzungusha maneno, kwamba Kanisa likiwa bado linachunguza, mtu haruhusiwi kupewa heshima za watakatifu hadharani. Asichorwe na nuru, asiwekwe altareni, asiombwe kwenye Misa. Wachunguzi huulizia mambo hayo, na wakiyakuta, kesi inaweza kukwama. Nyumbani, kimoyomoyo, kila mtu na Mungu wake. Lakini kanisani Aristote ni marehemu kama marehemu wengine.

"Kwa hiyo inasomwa misa ya kumuombea?" Mama Aristote aliuliza, na uso wake wote ulifunguka.

"Inasomwa, mama. Tena ndivyo inavyotakiwa."

Marie-Claire alishika tama, akiwaza mzigo mzima wa vitenge uliojaa chumbani kwake. Lakini Mama Aristote alikuwa bado anamtazama Padri. Mtu aliyelea watoto hajui kuishia kwenye jibu la kwanza.

"Na Kanisa ikishasema ndiyo?"

Padri Laurean alivua kofia. Angeweza kumfichaficha, hakufanya hivyo. "Hapo hatutamwombea tena. Tutamwomba yeye atuombee."

"Basi mi sisemi kitu. Muandike kwamba mama amekataa."

"Mama Aristote!" Marie-Claire alimaka. "Unakataa mutoto yako akuwe mutakatifu?"

"Ndiyo, nakataa! Munajua mutakatifu ni nini? Ni mutu hapumuziki! Huyu ana mutihani, anamuita. Ule anangojea karatasi za Home Office, anamuita. Mwanamuke anazala, anamuita. Asubuhi, usiku, Kongo, Brazil, wapi, wapi. Aristote alipenda kulala, Padri. Alilala na njaa, mutoto wa watu, alilala na hofu, alilala chini, juu ya sakafu ya simenti nyuma ya altare. Sasa njo amepata kulala muzuri, munataka dunia yote imwamushe? Mi niliombea yeye raha. Miaka yote, raha. Muache mutoto alale."

Padri hakucheka, na kwa hilo Mama Aristote alimheshimu. Alisema tu kwamba hakuna atakayemlazimisha, kwamba ushahidi wa shuruti si ushahidi, na kwamba yeye atakuwa kwenye chumba cha parokia Alhamisi pamoja na mwandishi, kama mama atabadili nia. Kisha akavuta kofia yake hadi kwenye nyusi akaenda kungoja basi.

Jioni ile Miradie alirudi kutoka kazini. Miradie ndiye mtoto wa mwisho, aliyeletwa nchi hii akiwa mdogo, mwenye Kiswahili cha kusikia zaidi kuliko cha kusema. Alikuta mama yake jikoni anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, kwa hasira. Aliposikia habari yote, alikaa kwenye kiti huku koti bado liko mwilini.

"Mum, can I say something? Usikasirike."

"Sema."

"Mimi simjui. You say his eyes were small. Nobody ever told me that." Alivuta pumzi, akatafuta Kiswahili chake, kwa sababu jambo lenyewe lilitaka lugha ya nyumbani. "Kila mutu ananiambia kaka yako, kaka yako. Mimi naona tu ile picha ya Mama Marie-Claire. Kama wewe hausemi, nitabaki na huyo wa kitenge."

Mama Aristote aliacha kutwanga. Alikuwa amewaza habari za Roma, za jimbo na za kwaya, lakini hakuwa amewaza kwamba ndani ya nyumba yake mwenyewe mwanawe yuko karibu kubadilishwa na kijana wa kitenge mwenye macho ya kukodoa. Hilo lilimwuma kuliko yote. Aliwasha moto chini ya sufuria, akasema, "Alhamisi niombee ruhusa kwa kazi yangu. Ile simu yao ya Kiingereza mi siiwezi."

Chumba cha parokia kilikuwa na meza, Injili, na hita iliyokuwa ikikwaruza kooni. Mwandishi alikuwa Sista Teresia, mtawa kutoka Kenya, mwenye vidole vyepesi. Mama Aristote aliapa, mkono juu ya Injili, kwamba atasema kweli tupu. Miradie alingoja nje ya mlango, lakini mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba.

"Alikuwa mtu wa sala?" Padri Laurean alianza.

"Alisali. Kisha akalala. Mara ingine alilala mu katikati ya sala."

Vidole vya Sista vilisimama. "Niandike hivyo, Padri?"

"Andika hivyo hivyo."

Basi akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo kijana alivyorudi. Alisema Aristote alilamba maziwa ya kopo ya misioni akasingizia paka, na misioni haikuwa na paka. Alisema kengele ya saa sita mchana ililia pale Aristote alipozinduka, hata mwalimu akawa anasema Kalwenge ina saa yake, haifuati ya Kinshasa. Alisema akichelewa namna hiyo alikuwa anakwenda mwenyewe kumwomba katekista msamaha kabla hajaitwa, na kwamba hakuwahi kubishia kosa lake, isipokuwa lile la paka. Alisema hakuwa anapiga watoto wadogo. Sista Teresia alikuwa anaandika huku anauma mdomo asicheke, na nje ya mlango kulisikika mtu anacheka bila kujizuia.

"Na asubuhi ile, mama, wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa mulima. Mvua ilinyesha usiku muzima. Miradie alikuwa mu mugongo yangu, homa inamuchoma. Tukangojea kengele. Jua ikatoka, hakuna kengele. Watoto wakaanza kulia njaa. Watu wakaanza kuniangalia, kwa sababu mupiga kengele ni wangu."

"Ukasema nini?"

"Nikasema, amelala tena." Alitazama mikono yake. "Nikasema, huyu mutoto muvivu, leo atanijua. Nilikasirika, Padri. Mutoto wa mugongo anaungua na mimi sina hata maji ya moto. Nikafunga Miradie muzuri, nikasema mi nashuka, nitamwamusha mimi mwenyewe. Mama mumoja akanikamata nguo. Akasema, sheria ni sheria, kama kengele haikulia hatushuki. Nikakaa. Nikakaa na hasira. Wakati wote ule nilikuwa nasema, amelala, amelala..."

Hita iliendelea kukwaruza. Sista aliondoa mikono kwenye kompyuta akaiweka magotini.

Habari ya kifo cha mwanawe aliijua mwanzo hadi mwisho, alikuwa ameisikia kwa bibi yule, kambini, kanisani, mara nyingi kuliko alivyotaka. Lakini alikuwa hajawahi kuiweka pamoja na asubuhi yake mwenyewe mlimani, moja juu ya nyingine, saa kwa saa. Katika kichwa chake, miaka yote hii, kulikuwa na Aristote aliyekataa kupiga, na pembeni kulikuwa na Aristote mwingine aliyelala kwenye kichumba chake akingoja mama aje amguse begani. Na huyu wa pili ndiye aliyekuwa akimwombea.

"Padri," alisema mwishowe. "Alikuwa macho."

"Ndiyo, mama."

"Sisi kule juu tulikuwa tunasinzia. Mimi nilikuwa namusema muvivu. Na yeye alikuwa macho. Na hakuna mutu alimwamusha. Aliamuka yeye mwenyewe."

Hapo akalia. Alilia kwa sauti kama mtu aliyefiwa asubuhi ile ile, na Miradie akaingia bila kubisha hodi, akapiga magoti kando ya kiti, akaweka kichwa mgongoni pa mama yake, mahali alipokuwa siku ile. Wakakaa hivyo hadi kilio kikaisha chenyewe. Sista Teresia alimwaga chai. Kisha Mama Aristote akafuta uso, akauliza atie sahihi wapi.

Jumapili ya ukumbusho upepo ulipuliza kutoka mtoni na miavuli ikageuka nje ndani, na wanawake wa kwaya nao walikuwa wamejigeuza. Marie-Claire alikuwa amekesha akiwaza vile vitenge, asubuhi akapata dawa. Wavivae nje ndani. Duara la nuru na mnara wa uongo vilikuwa vimelalia miilini mwao, na kwa nje palionekana kivuli hafifu tu cha mtu, macho yake yamefifia hadi kuwa madogo. Padri Laurean alipowaona wanaingia kwa maandamano aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta ukurasa. Mama Aristote alitazama zile sura hafifu zikipita moja baada ya nyingine, akamnong'oneza Miradie, "Sasa anafanana."

Jina lilisomwa kati ya marehemu wengine, halikutangulizwa wala kupambwa. Mama Aristote aliitika pamoja na wote, kwa sauti iliyosikika hadi nyuma: raha ya milele umpe, ee Bwana. Alijua huenda mwaka mmoja, akiwa hai au akiwa hayupo, sala hiyo haitasomwa tena kwa ajili ya mwanawe. Ilimuuma bado. Lakini aliisema yote, hadi maneno ya mwisho: apumzike kwa amani.

Baada ya Misa walikula ukumbini, ugali na sombe na dagaa wa Tanganyika ambao mtu fulani huwaleta kwa njia zake. Marie-Claire hakula. Alizunguka meza mara kadhaa akipanga sahani zilizokwisha kupangwa, mwisho akaja akakaa karibu na Mama Aristote, na sauti yake kubwa alikuwa ameiacha mahali.

"Mama Aristote. Mume yangu, figo haziko zinafanya kazi tena. Juzi daktari alisema hivyo."

"Pole, dada yangu. Pole sana."

"Ile siku ulisema wamuache alale. Nimemuacha. Lakini Padri alisema nyumbani, kimoyomoyo, mutu anaweza..." Alikunja pindo la kitenge chake kilichogeuzwa. "Niko naomba ruhusa yako."

Mama Aristote alimtazama mwenzake. Alimwona jinsi alivyochoka, mwanamke huyu wa vigelegele, macho yamevimba kwa kukesha kando ya mgonjwa. Akauvuta mkono wake akauweka juu ya goti lake mwenyewe.

"Muombe," alisema. "Lakini usimupigie kelele. Kaa kwanza karibu yake. Muguse hapa, ku bega, na ungoje." Akamgusa begani kumwonyesha. "Anaamuka pole pole, ule mutoto. Lakini anaamuka."